Kete Iliyoanguka Nje ya Bao

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo.

Hapo kale katika nchi ya India aliondokea mfalme mmoja, mwenye mali nyingi na uchovu mwingi moyoni. Siku moja akaja mtu mwenye hekima, akamtandikia ubao wenye vyumba 64, akampangia juu yake majeshi mawili ya vipande vya mti, akamfundisha namna ya kuyapiganisha. Huo ndio mchezo tunaouita sataranji. Mfalme akaupenda mno. Akasema, "Taja zawadi uitakayo, nami nitakupa."

Yule mtu akajibu, "Bwana wangu, nataka ngano. Niwekee punje moja katika chumba cha kwanza cha ubao huu, mbili katika cha pili, nne katika cha tatu, nane katika cha nne. Endelea hivyo hivyo, kila chumba kipate maradufu ya kilichotangulia, mpaka chumba cha mwisho."

Mfalme akacheka. Aliona mtu huyu ameomba chakula cha kuku. Akamwita mtunza ghala, akamwambia alete gunia moja, na kitakachobaki kirudi ghalani.

Chumba cha nane kilichukua punje 128, ambazo hata kiganja hazijazi. Lakini chumba cha 21 kilidai punje 1,048,576, na cha 32 kikadai punje 2,147,483,648. Hapo ubao ulikuwa umefika nusu tu. Mtunza ghala akaketi, akapiga hesabu ya ubao mzima, kisha akarudi kwa mfalme akitetemeka. Punje zote kwa jumla ni hizi:

18,446,744,073,709,551,615

Ngano yote ya ufalme haikutosha, wala ya falme zote za jirani.

Ibn Khallikan aliisimulia hadithi hii kwa Kiarabu katika karne ya 13, na wasimulizi wengine wameisimulia kwa namna zao. Mfalme ni wa hadithi, lakini namba ni ya kweli. Tena namba hiyo haikubaki India. Leo imo ndani ya simu na kompyuta karibu zote zinazouzwa madukani. Nataka niwaeleze imeingiaje humo, na watu walifanya nini walipohitaji kuivuka.

Mwanafunzi wa 21

Mpwa wangu yuko Kidato cha Pili. Likizo iliyopita alikuwa anajifunza kuandika programu za kompyuta, akapewa zoezi hili: wanafunzi wanaweza kupanga mstari mmoja kwa njia ngapi tofauti?

Wakiwa wawili, njia ni 2: ama huyu mbele, ama yule. Wakiwa watatu, njia ni 6. Wakiwa wanne, 24. Kila akiongezeka mtu mmoja, unachukua jibu la nyuma na kulizidisha kwa idadi mpya ya watu. Kwa hiyo watu watano ni 24 mara 5, yaani 120.

Aliandika programu yake, akaijaribu kwa wanafunzi 10. Ikampa 3,628,800. Akaijaribu kwa wanafunzi 20, ikampa 2,432,902,008,176,640,000. Yote sahihi. Kisha akaongeza mwanafunzi mmoja tu, wa 21. Nikasikia naitwa.

"Mjomba, hebu njoo uone. Kompyuta inaniambia -4,249,290,049,419,214,848. Watu wanapangaje mstari kwa njia zilizo chini ya sifuri?"

Niliisoma programu yake mstari kwa mstari. Hakukosea popote katika kuzidisha. Nikamwambia akalete bao.

Mnalijua bao la Kiswahili: safu nne, kila safu ina mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete zake ni 64. Tuliliweka barazani katikati yetu, kete zote tukazimwaga pembeni.

Nikamweleza kwamba ndani ya kompyuta hakuna tarakimu 7 wala 9. Kuna vijisehemu vidogo mno vya umeme, na kila kimoja kina hali mbili tu, kuwaka au kuzimika. Kijisehemu hicho huitwa biti. Shimo la bao linaweza kutufanyia kazi ya biti: ama lina kete moja, ama ni tupu.

Tukachukua safu moja ya mashimo manane, tukayapa thamani kutoka kulia kwenda kushoto: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Umeona? Ni maradufu zile zile za yule mtu wa sataranji. Ukitaka kuandika 13, unaweka kete katika shimo la 8, la 4 na la 1, kwa kuwa 8 na 4 na 1 ni 13. Ukijaza mashimo yote manane unapata 255. Biti nane zikikaa pamoja huitwa baiti, kwa hiyo kila safu ya bao ni baiti moja, na bao zima ni biti 32.

"Haya," nikamwambia, "safu imejaa, tuna 255. Ongeza moja. Ila kumbuka sheria: shimo halikai kete mbili. Zikikutana mbili, zitoe zote, kisha upeleke moja shimo la kushoto, maana mbili za hapa ni sawa na moja ya pale."

Akaweka kete katika shimo la kwanza. Zikawa mbili. Akazitoa, akapeleka moja shimo la pili. Huko nako ikamkuta mwenzake. Akazitoa, akapeleka moja shimo la tatu. Hivyo hivyo, shimo kwa shimo, mpaka la 128. Akazitoa zile mbili, akabaki na kete moja mkononi, akatazama kushoto. Mashimo yamekwisha. Akaiachia, ikaanguka sakafuni na kubingirika hadi mlangoni.

Safu nzima ilikuwa tupu.

"Kwa hiyo 255 ukiongeza 1 ni sifuri?"

"Katika safu hii, ndiyo."

Kompyuta nyingi za leo huweka namba nzima katika sanduku la biti 64. Biti 64 ni kama vyumba 64 vya sataranji. Sanduku likijaa lote, namba iliyomo ni ile ile iliyomtetemesha mtunza ghala. Kwa kawaida tena nusu ya nafasi hutengwa kwa ajili ya namba hasi, ndiyo maana namba chanya kubwa kuliko zote inayoingia humo ni 9,223,372,036,854,775,807. Sasa njia za kupanga wanafunzi 21 ni 51,090,942,171,709,440,000. Haziingii. Kete zilizozidi zilimwagika nje, na zile zilizobaki ndani zikasomeka kama namba hasi. Kompyuta haikulalamika wala kuonya. Ilitoa jibu la uongo kwa sauti ile ile inayotolea majibu ya kweli.

Roketi na saa

Kete kuanguka barazani ni jambo dogo. Kuna mahali ambapo kete ikianguka watu hulia.

Tarehe 4 Juni 1996, huko Kourou katika Guiana ya Kifaransa, roketi mpya ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza, imebeba satelaiti nne za kisayansi. Ndani yake mlikuwa na programu iliyorithiwa kutoka kwa roketi ya zamani, Ariane 4. Programu hiyo ilichukua kipimo kimoja kinachohusiana na mwendo wa pembeni wa roketi na kukihamishia kwenye sanduku la biti 16, ambalo mwisho wake ni 32,767. Kwa Ariane 4 nafasi hiyo ilitosha, kwa kuwa mwendo wake ulikuwa mdogo. Ariane 5 ilikwenda kasi zaidi, na namba haikuingia. Kifaa cha kuongoza roketi kikajizima. Kifaa cha akiba kilikuwa na programu ile ile, nacho kilikuwa kimejizima kwa sababu ile ile. Hazikutimia sekunde 40, roketi ikapinda ghafla, ikavunjika na kulipuka angani pamoja na satelaiti zake zote.

Kuna kete nyingine ambayo bado haijaanguka. Kompyuta nyingi huhesabu saa kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Mifumo ya zamani huiweka hesabu hiyo katika sanduku la biti 32, ambalo mwisho wake ni 2,147,483,647. Sekunde hizo zitatimia Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, watoto wakijiandaa kwenda shule. Sekunde inayofuata, mashine yoyote ambayo haijarekebishwa itadhani imerudi mwaka 1901. Wahandisi wanaendelea kuyabadilisha masanduku hayo. Ninyi mnaosoma leo mtakuwa watu wazima siku hiyo, na huenda baadhi yenu ndio mtakaokuwa mmeifanya kazi hiyo.

Bao la jirani

Mpwa wangu aliiokota kete mlangoni, akarudi nayo. "Sasa tunafanyaje? Tutafute bao lenye mashimo mengi zaidi?"

Hilo ni jibu la kwanza ambalo kila mtu hulifikiria, na husaidia kwa muda. Lakini bao kubwa nalo lina shimo la mwisho. Ukichonga lenye mashimo 128, atakuja mtu na namba isiyoingia.

Nikamwambia, "Nenda kwa babu hapo jirani, umwamkie, kisha umwombe atuazime bao lake."

Akaenda, akarudi nalo, tupu bila kete zake. Tukaliweka kushoto mwa la kwetu, yakakaa sambamba. Tukajaza la kwetu lote, mashimo 32, kete 32. Hiyo ni 4,294,967,295. Akaongeza moja. Kete ikasafiri shimo kwa shimo kama mwanzo, ikafika mwisho wa bao, na safari hii haikuanguka. Aliichukua akaiweka katika shimo la kwanza la bao la babu. Bao la kwetu lilikuwa tupu, na katika bao la babu kulikuwa na kete moja tu. Kwa pamoja yakasomeka 4,294,967,296. Hakuna kilichopotea.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, hii si ndiyo naandika, nabeba moja?"

Ndiyo hiyo hiyo. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Namba kubwa kuliko sanduku lolote la kompyuta haihitaji mashine ya ajabu. Inahitaji kanuni uliyofundishwa ukiwa mdogo, ukiwa na penseli fupi na daftari la mraba: panga mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi, jumlisha kuanzia kulia, kinachozidi kibebe kushoto. Na nafasi ikiisha kushoto, fungua nafasi nyingine.

Tuitazame kwa karibu. Tuseme kila sanduku letu linaweza kukaa namba kuanzia 0 hadi 999 tu. Tunataka kujumlisha 738,946,875 na 461,268,350. Alama za mkato zimeshatukatia namba katika vipande vya tarakimu tatu tatu, kila kipande sanduku lake.

Kipande cha kulia: 875 na 350 ni 1,225. Andika 225, beba 1.

Kipande cha kati: 946 na 268 ni 1,214, na 1 tuliyobeba ni 1,215. Andika 215, beba 1.

Kipande cha kushoto: 738 na 461 ni 1,199, na 1 tuliyobeba ni 1,200. Andika 200, beba 1.

Sasa masanduku yamekwisha na mkononi kuna 1. Katika programu ya mpwa wangu, hapa ndipo kete inapoanguka sakafuni. Katika kanuni yetu, hapa kompyuta inaiomba kumbukumbu yake sanduku jipya, na ile 1 inaingia humo. Jibu: 1,200,215,225.

Lugha ya programu iitwayo Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, hufanya hivi yenyewe bila kuombwa. Tofauti ni kwamba vipande vyake ni vikubwa kuliko vyetu: katika kompyuta nyingi za leo kila kipande kinakaa namba hadi 1,073,741,823. Mpwa wangu aliandika upya zoezi lake kwa Python. Wanafunzi 21 wakatoka sawasawa. Akajaribu wanafunzi 100, skrini ikajaa namba ya tarakimu 158. Akazihesabu kwa kidole.

Mkono unaochoka

Kubeba kuna uzuri wake na hatari yake. Kinachobebwa kikiwa sahihi, hesabu nzima inasimama. Kikiwa kosa, kosa nalo hubebwa.

Mwingereza mmoja, William Shanks, alitumia miaka mingi kukokotoa kwa mkono tarakimu za pai, ile namba ya mduara mnayoianza kwa 3.14. Mwaka 1873 alitangaza tarakimu 707 baada ya nukta. Kwa zaidi ya miaka 70 hakuna aliyemfikia. Kisha, katika miaka ya 1940, D. F. Ferguson alipopiga hesabu hiyo kwa njia nyingine, majibu yao yaliachana katika tarakimu ya 528. Shanks alikuwa amekosea, na kuanzia hapo kila kilichofuata kilikuwa kimebeba kosa hilo. Mimi simcheki Shanks. Namheshimu. Alifika tarakimu 527 sahihi kwa kalamu na karatasi, na mkono wa binadamu huchoka.

Mwaka 1949 kazi hiyo ilipewa ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, nchini Marekani. ENIAC ilikuwa kubwa kama ukumbi, lakini kila sanduku lake la namba lilikaa tarakimu 10 tu. Wataalamu waliikata pai vipande vipande, wakaifundisha mashine kubeba kutoka kipande hadi kipande. Baada ya saa zipatazo 70 ikatoa tarakimu 2,037. Sanduku la tarakimu 10 lilizaa namba ya tarakimu elfu mbili na zaidi. Wahenga walishasema: haba na haba hujaza kibaba.

Wiki moja Moscow

Kujumlisha ni kazi nyepesi. Kuzidisha ndiko kunakochosha, kwa sababu kila kipande cha namba ya kwanza lazima kikutane na kila kipande cha namba ya pili. Tarakimu mbili mara tarakimu mbili ni vizidisho vidogo vinne. Kumi mara kumi ni vizidisho 100. Tarakimu 1,024 mara 1,024 ni vizidisho 1,048,576.

Watu walizidisha namna hiyo kwa karne nyingi, na wengi waliamini hakuna njia ya mkato. Mmoja wao alikuwa Andrey Kolmogorov, mwanahisabati mkubwa wa Urusi. Mwaka 1960, katika semina yake kwenye Chuo Kikuu cha Moscow, aliwaeleza wanafunzi dhana yake kwamba njia bora zaidi haiwezekani. Kati ya waliosikiliza alikuwapo kijana wa miaka 23, Anatoly Karatsuba. Haikupita wiki, akarudi kwa mwalimu wake na njia bora zaidi.

Tuione kwa namba ndogo, 23 mara 41. Shuleni tungefanya vizidisho vinne: 2 mara 4, 2 mara 1, 3 mara 4, 3 mara 1. Karatsuba anafanya vitatu.

Cha kwanza, makumi kwa makumi: 2 mara 4 ni 8.

Cha pili, mamoja kwa mamoja: 3 mara 1 ni 3.

Cha tatu, jumlisha kwanza tarakimu za kila namba: 2 na 3 ni 5, 4 na 1 ni 5. Zidisha: 5 mara 5 ni 25.

Sasa toa 8 na 3 kutoka 25. Inabaki 14. Hiyo 14 ndiyo sehemu ya kati, ile ambayo shuleni ingetugharimu vizidisho viwili. Panga: mia 8, makumi 14, mamoja 3. Yaani 800 na 140 na 3, jumla 943. Piga kwa njia ya shule uhakikishe.

Utasema, ameokoa kizidisho kimoja tu, na ameongeza kujumlisha na kutoa. Kweli. Lakini namba ndefu unaikata nusu, kila nusu unaikata tena nusu, na kila unapokata unaokoa tena. Kwa namba zetu za tarakimu 1,024, ukikata mpaka mwisho, vizidisho 1,048,576 vinashuka hadi 59,049. Bandu bandu huisha gogo.

Kolmogorov alikuwa mtu mkubwa kwa cheo na kwa roho. Alipooneshwa kwamba dhana yake imeanguka, hakuificha habari hiyo. Aliwaeleza wenzake katika kikao kilichofuata cha semina, na mwaka 1962 njia ya Karatsuba ikachapishwa. Tangu hapo wengine wamegundua njia za haraka zaidi kwa namba ndefu mno, na mlango wa kwanza ulifunguliwa na kijana aliyesikia neno "haiwezekani" akaenda kulijaribu mwenyewe.

Kufuli la namba

Mpwa wangu aliuliza swali ambalo na ninyi mnalo: nani anahitaji namba ndefu namna hii?

Wewe, kila siku. Lakini kwanza turudi kwenye ubao wa mfalme. Tuseme ulikuwa na vyumba 67 badala ya 64. Jumla ya punje ingekuwa 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliitaja namba hiyo kuwa namba tasa, yaani haigawanyiki kwa namba nyingine ila 1 na yenyewe. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba si tasa, lakini uthibitisho wake haukuonyesha inagawanyika kwa namba gani. Ikabidi kungoja hadi mwaka 1903, Mmarekani Frank Nelson Cole alipozionyesha:

193,707,721 × 761,838,257,287

Chukua daftari uzizidishe. Kwa mkono utamaliza kabla chai haijapoa sana. Lakini kwenda kinyume, kutoka kwenye jibu hadi kwenye zile namba mbili, kuliwachukua wanahisabati zaidi ya karne mbili na nusu.

Kuzidisha ni rahisi, kuachanisha ni kugumu. Juu ya jambo hilo, mwaka 1977 watafiti watatu nchini Marekani, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walijenga njia ya kufunga siri inayoitwa RSA kwa herufi za majina yao. Unachukua namba tasa mbili kubwa, unazizidisha, na jibu unampa mtu yeyote alione. Zile mbili unazificha. Funguo nyingi za RSA zinazotumika sasa zina biti 2,048, yaani tarakimu 617. Namba hiyo haiingii katika sanduku la biti 64 hata kwa kulazimishwa. Lazima ikatwe vipande 32, ijumlishwe na kuzidishwa kipande kwa kipande, kikizidi kibebwe. Kete moja ikianguka, mlango haufunguki. Kwa hiyo mara nyingi unapoona alama ya kufuli kwenye simu yako, nyuma yake kuna mashine inayofanya hesabu ya darasa la chini, haraka mno, kwa namba ambazo mtunza ghala wa mfalme hakuziota.

Je, hizi namba zina mwisho? Katika kompyuta mwisho ni kumbukumbu kujaa, na uvumilivu wa anayengoja, kwa kuwa kila kipande kinachoongezeka kinaongeza kazi. Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ambayo ingekuwa jumla ya punje kama ubao wa mfalme ungekuwa na vyumba 136,279,841. Ina tarakimu 41,024,320. Imekaa ndani ya kompyuta, salama, haikupungukiwa hata moja.

Jioni ile nilimwachia mpwa wangu kazi bila kompyuta. Nikamwambia akae na daftari lake, aanze na 1, aongeze maradufu, tarakimu tatu tatu, mpaka avuke chumba cha 64. Aliandika kurasa mbili. Alipofika chumba cha 65 alikuja kunionyesha: 18,446,744,073,709,551,616.

"Inazidi punje zote za ubao kwa moja tu," akasema.

Kisha, kabla sijamjibu, akainama kwenye yale mabao mawili. Akajaza mashimo yote 64 kwa kete zote 64, ubao mzima wa mfalme. Akachukua kifungo cha shati kwa kuwa kete zilikwisha, akakiongeza katika shimo la kwanza, akaanza kubeba. Shimo kwa shimo, kete zikitoka mbili mbili, mpaka mwisho wa bao la babu. Alibaki na kete moja mkononi.

Safari hii hakuiachia. Alisogea kushoto, akachora duara kwa chaki juu ya sakafu, akaiweka humo.